Mtarakwa: Mti, Matumizi na Jina Lake katika Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Kiswahili kimejaliwa utajiri mkubwa wa majina ya miti ya pwani. Mwanafunzi wa lugha hii, hata kama hajawahi kukanyaga ufuo wa bahari, hukutana mapema na mkoko, mkandaa, mvinje, mnazi na mwarobaini. Miti ya nyanda za juu haijabahatika vivyo hivyo. Mkazi wa Njoro, Molo au Elburgon anayetaka kuandika insha kuhusu msitu ulio karibu na kwao hukwama mara tu anapofikia majina ya miti. Aghalabu huazima jina la Kiingereza, au huchukua neno alilolisoma katika Biblia, ilhali nyanya yake angeutaja mti huohuo bila kusitasita.

Makala haya yanakusudia kueleza mti mmoja wa aina hiyo, nao ni mtarakwa, ambao wataalamu wa mimea huuita Juniperus procera. Tutautazama mti wenyewe, kisha matumizi yake ya jadi na ya kibiashara, halafu hali yake katika misitu ya Mau na maeneo jirani. Baada ya hapo tutarejea kwenye suala la jina. Hoja yetu ni kwamba jina mtarakwa ndilo linalostahili kutumiwa katika Kiswahili sanifu, kwa sababu limefungamana na ujuzi wa watu walioutumia mti huu kwa vizazi vingi. Mti unapungua, na ujuzi huo nao unapungua pamoja nao. Lugha inayolipuuza jina huuharakisha upungufu wa pili.

Mti Wenyewe

Mtarakwa ni mti wa nyanda za juu zenye baridi na ukavu wa wastani. Katika Kenya huota hasa baina ya mita 1,800 na mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Katika sehemu tunayoizungumzia hupatikana kwenye kuta zote mbili za Bonde la Ufa: upande wa magharibi katika misitu ya Mau, Eburu, Londiani na Lembus, na upande wa mashariki kuelekea Nyandarua. Mara nyingi huandamana na mzeituni mwitu.

Mtarakwa ni wa jenasi ya mijunipa, na ndio mrefu kuliko mijunipa yote duniani, kwani unaweza kufikia kimo cha mita 40. Ndio pia mjunipa wa pekee unaoota kiasili hadi kusini mwa ikweta. Makazi yake yanaanzia milima ya Saudia na Yemeni, yanapitia Ethiopia, Kenya na Tanzania, na kuishia Zimbabwe. Kwa hivyo huu si mti wa kabila moja wala wa nchi moja, ingawa watu wa Bonde la Ufa wana haki ya kuuona kuwa wao.

Mti mchanga huwa na umbo la pia, nao mzee hutanua matawi na mara nyingi huvaa ndevu za kuvu. Majani ya mche ni kama sindano, lakini mti ukikomaa majani yake huwa magamba madogo yaliyoshikamana na kijiti. Gome lake hujibandua kwa vipande virefu vyembamba mithili ya utepe. Kuna mti dume na mti jike, na ni mti jike pekee unaozaa vitunda vya duara vya rangi ya samawati nyeusi. Ndege huvila na kuzitawanya mbegu.

Sifa mbili zaidi ni muhimu kwa maelezo yatakayofuata. Ya kwanza ni kiini cha shina, ambacho kina rangi ya hudhurungi iliyoiva, hunukia, hupasuka kwa unyoofu na hakiliwi na mchwa kwa urahisi. Ya pili ni kwamba mti huu hukua polepole mno, na mche wake haustawi chini ya kivuli kizito. Sifa ya kwanza ndiyo iliyoufanya upendwe, na ya pili ndiyo inayofanya kila mti unaokatwa uwe hasara ya miongo mingi.

Matumizi ya Jadi

Jamii iliyoujua mtarakwa kwa undani zaidi katika eneo hili ni Waogiek wa Mau, ambao uchumi wao wa asili ulitegemea asali na uwindaji. Mzinga wa Kiogiek ni gogo lililopasuliwa mara mbili kwa urefu. Kila nusu hukombwa ndani, kisha nusu hizo huunganishwa tena na kufungwa. Mtarakwa ulipendelewa kwa kazi hii kwa sababu hupasuka vizuri na hauozi upesi. Mzinga ukishapandishwa juu ya mti hufunikwa kwa magome yaleyale ya mtarakwa ili mvua isipenye. Kwa hivyo mti mmoja uliweza kutoa mwili wa mzinga na paa lake pia. Magome hayo yalitumika vilevile kuezekea vibanda vya msituni.

Matumizi ya pili ni ya moto. Kabla ya kiberiti kuenea, Wamaasai na Waogiek walipekecha moto kwa vipande viwili vya mti. Kijiti cha juu kilikuwa cha mti mgumu kama mzeituni mwitu, nacho kibao cha chini kilikuwa cha mti laini zaidi kama mtarakwa. Vumbi la moto lililotokana na msuguano lilipokelewa kwa nyuzi za gome kavu la mtarakwa, ambazo hushika moto kwa wepesi. Mpekechaji alihitaji kujua ni mti upi mgumu, upi laini, na gome lipi linalowaka hata msimu wa ukungu. Huo ni ujuzi wa fizikia uliohifadhiwa katika majina ya miti, na aliyekosa majina hayo hangeweza kumfundisha mwanawe.

Matumizi ya tatu ni ya ujenzi. Wagikuyu walitumia mtarakwa kwa nguzo na mbao za nyumba. Jamii nyingine za eneo hili zilitumia nguzo zake palipohitajika mti wa kukaa ardhini muda mrefu bila kuliwa. Katika nyanda zenye mchwa wengi, mti unaoweza kudumu ardhini kwa miaka na miaka ulikuwa na thamani kubwa kwa mwenye nyumba, mwenye zizi na mwenye ghala.

Matumizi ya nne ni ya dawa. Majani, vijiti na vitunda vya mtarakwa vimetumiwa kutibu kuumwa na kichwa, maumivu ya tumbo na minyoo. Makala haya hayakusudii kuthibitisha uwezo wa dawa hizo, kwani hiyo ni kazi ya maabara. Ni vyema hata hivyo kutambua kwamba ujuzi wenyewe upo, na kwamba mtafiti wa maabara hawezi kuufikia bila kwanza kumsikiliza mganga akiutaja mti kwa jina lake.

Harufu ya mti huu nayo ina kazi. Kabati au sanduku la mbao za mtarakwa huzifukuza nondo zinazotoboa nguo. Kiini cha mti kikikerezwa na kuvukizwa hutoa mafuta yanayotumiwa katika manukato na sabuni. Hata vumbi la msumeno, ambalo katika miti mingi ni taka, lina faida katika mti huu.

Kutoka Mzinga hadi Ua wa Seng'enge

Karne ya 20 iliugeuza mtarakwa kuwa bidhaa. Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwishoni mwa mwaka uliofuata ilikuwa imevuka Mau na kufika Kisumu. Nyuma ya reli walikuja walowezi. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamaasai katika maeneo ya Naivasha na Nakuru, na ardhi yao ikagawanywa kuwa mashamba makubwa. Mashamba hayo yalihitaji ua, na ua ulihitaji nguzo zisizoliwa na mchwa. Mtarakwa ukawa nguzo ya seng'enge kote katika nyanda za juu. Mti uliobeba mizinga ya Mwogiek na zizi la Mmaasai sasa ulibeba waya uliowazuia wote wawili wasipite.

Msitu wa Lembus, karibu na Eldama Ravine, ni mfano mzuri wa ukubwa wa biashara hiyo. Mlowezi Ewart Grogan na mshirika wake walianza kuwania haki ya kukata mbao huko mwaka 1904, na mkataba wa kukodishwa ukatiwa saini mwaka 1916. Miji kama Elburgon, Molo na Londiani ilikua kwa sauti ya misumeno, na familia nyingi zilizohamia huko kutoka sehemu nyingine za nchi zilifuata kazi za viwanda hivyo.

Nguzo hazikuwa mwisho wa safari. Kwa muda mrefu viwanda vya penseli vilitegemea mjunipa wa mashariki ya Marekani, ambao mbao zake huchongeka bila kukatikakatika. Mti huo ulipopungua, wanunuzi waliutafuta ndugu yake wa Afrika Mashariki. Katika milima ya Usambara, Wajerumani walijenga njia ya kamba za chuma iliyoteremsha mbao kutoka Shume hadi reli ya Mkumbara kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kenya nayo iliuza nje vibao vya kutengenezea penseli. Hivyo basi, sehemu ya kalamu za risasi zilizotumiwa na watoto wa Ulaya kujifunzia kuandika ilitoka katika misitu ya kwetu, katika miaka ambayo watoto wengi wa jirani na misitu hiyo hawakuwa na shule.

Kupungua kwa Mtarakwa

Kwa kiwango cha dunia nzima, mtarakwa haujaorodheshwa miongoni mwa miti iliyo karibu kutoweka. Tatizo ni la mahali, na katika Mau ni kubwa. Misitu ya Mau kwa jumla ina ukubwa wa takriban hekta 400,000. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 60,000 katika hifadhi, nyingi zikiwa katika Mau Mashariki, jirani na Njoro na Molo. Kufikia mwaka 2009, wakati jopokazi la serikali lilipotoa ripoti, karibu robo ya msitu ilikuwa imepotea katika muda usiozidi miongo miwili. Pamoja na miti, mito nayo imeathirika. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inayoingia Ziwa Nakuru huanzia upande huu, sawa na mto Molo unaokwenda Baringo na mto Mara unaokwenda hadi Serengeti.

Mtarakwa una maadui wengine pia. Miti mizee huliwa na kuvu ndani ya kiini hadi shina likabaki tupu. Mwaka 1990 waliingia nchini vidukari wa misaipresi, wadudu waliofyonza utomvu wa misaipresi ya kupandwa na kuushambulia mtarakwa vilevile. Zaidi ya hayo, misitu iliyokatwa ilipopandwa upya, mara nyingi ilipandwa misaipresi, misonobari na mikaratusi, kwa sababu hiyo hukua upesi na kumpa mpandaji faida angali hai. Hatuwezi kumlaumu mkulima kwa hesabu hiyo. Hata hivyo, msitu wa misaipresi hautoi mizinga, wala vibao vya moto, wala dawa zilizotajwa hapo juu.

Serikali imepiga marufuku ukataji wa miti ya kiasili katika misitu ya umma, na mnamo Februari 2018 ilisitisha ukataji wa aina zote katika misitu hiyo. Mwaka 2023 rais alitangaza kuondolewa kwa katazo hilo la pili. Maadamu nguzo za mtarakwa zinaendelea kusifiwa kwa kudumu kwake, kishawishi cha kuukata kwa siri hakiishi.

Watu nao wana kesi yao. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafurusha kutoka ardhi ya mababu zao katika Mau. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyohiyo iliagiza walipwe fidia na ardhi yao itambuliwe. Utekelezaji wa hukumu hizo umekuwa wa kusuasua. Kwa mtazamo wa mwanafunzi wa lugha, Mwogiek anapoondolewa msituni huondoka na msamiati ambao hauna mahali pengine pa kutumika. Jina la sehemu ya mzinga halina kazi katika kijiji kisicho na mzinga.

Mtarakwa au Mwerezi?

Sasa turejee kwenye jina. Mti huu una majina yafuatayo katika lugha za jirani: Wagikuyu huuita mũtarakwa, Wamaasai ol-tarakwai, na Wakalenjin tarakwet. Tukiyachunguza majina haya kimofolojia tunaona jambo la kuvutia. Kikuyu, ambayo ni lugha ya Kibantu, huuweka mzizi katika ngeli ya miti kwa kiambishi mũ-. Kimaasai, ambacho ni lugha ya Kiniloti, hutanguliza ol-, kiambishi cha jinsia ya kiume ambacho pia hudokeza ukubwa. Kikalenjin, ambayo pia ni ya Kiniloti, hufunga nomino kwa kiambishi tamati -et cha udhahirishi. Kikiondolewa hubaki tarakwa, umbo tunalolikuta katika jina la wadi ya Tarakwa, Uasin Gishu. Mzizi unabaki karibu uleule katika lugha zote tatu. Lugha zisizo na asili moja zikichangia mzizi wa jina la mti, huo ni ushahidi wa watu walioishi pamoja, wakauziana asali na ngozi, na wakafunzana misitu.

Kiswahili hakikuhitaji juhudi yoyote kuupokea mzizi huu. Umbo mtarakwa, wingi mitarakwa, linaingia katika ngeli ya U-I bila kubadilisha chochote isipokuwa irabu ya kiambishi. Kwa kaida hiyohiyo inayotupa embe kutokana na mwembe, kitunda chake kinaweza kuitwa tarakwa. Orodha za miti ya Kenya zimelitaja jina hili kuwa la Kiswahili, sambamba na jina mwangati.

Licha ya hayo, maneno mawili mengine yanashindana nalo. La kwanza ni sida, linalosikika sana sokoni ambapo watu huulizia posti za sida. La pili ni mwerezi, linalopendwa na waandishi na wafasiri. Maneno haya yote yametokana na kosa moja la Kiingereza. Wazungu waliunusa mti huu, wakakumbuka mbao walizozizoea, wakauita kwa jina la mti wa jenasi nyingine kabisa. Mwerezi wa kweli ni ule wa Lebanoni unaotajwa katika Biblia ya Muungano ya 1952, na mti huo hauoti kiasili popote katika Afrika Mashariki. Mwandishi anayeuita mtarakwa mwerezi amelifasiri kosa la mwenziwe.

Inafaa kukumbuka kwamba wafasiri wa Biblia hiyo hawakuwa wazembe katika jambo hili. Katika kisa cha Eliya nyikani, Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James inasema nabii aliketi chini ya mjunipa. Wafasiri wa Kiswahili hawakulifuata neno hilo, bali waliandika mretemu, jina linalokaribiana na lile la Kiebrania, kwa sababu mti wenyewe haukuwa mjunipa. Waliutafuta mti kabla ya kulitafuta neno. Sisi tunaoishi chini ya mti unaozungumziwa hatuna udhuru wa kufanya kinyume chake.

Mfano mwingine ni mwarobaini. Mti huo ulitoka Bara Hindi, lakini Waswahili waliupa jina linalotangaza matumizi yake, yaani kutibu maradhi arubaini. Leo hakuna anayeulizia jina lake la Kihindi wala la Kiingereza. Ikiwa mti mgeni uliweza kupata jina imara namna hiyo, vipi mwenyeji akose? Kwa ajili ya mjadala, tunapendekeza kidahizo kifuatacho:

mtarakwa nm mi- [u-/i-] mti mrefu wa nyanda za juu, wa jenasi ya mijunipa, wenye majani madogo kama magamba, gome linalobanduka kwa vipande virefu na kiini chekundu chenye harufu nzuri kisicholiwa na mchwa; hutumiwa kutengenezea mizinga, nguzo na penseli.

Hitimisho

Tumeona kwamba mtarakwa umekuwa mzinga, paa, moto, nguzo, dawa, sanduku na penseli. Tumeona pia kwamba unakua polepole na unapungua upesi, na kwamba jina lake ni urithi wa pamoja wa Wabantu na Waniloti wa Bonde la Ufa.

Kazi ya kuulinda msitu ni ya wengi, lakini kazi ya kuulinda msamiati ni yetu. Wahadhiri wanaweza kuwaelekeza wanafunzi wa isimu wakusanye istilahi za mizinga, za kupekecha moto na za mitishamba kutoka kwa wazee wa Mariashoni, Nessuit na Londiani wangali hai. Wanafunzi wa fasihi wanaotunga hadithi zenye mandhari ya Mau wanaweza kuanza kwa kuiita miti kwa majina yake. Wahariri nao wanaweza kukataa mwerezi pale ambapo mwandishi alikusudia mtarakwa. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mwerezi ni msala wa Lebanoni, nao mtarakwa ni mbachao wetu.